Msituletee miwani, tupeni chumba: barua ya wazi kutoka kaskazini mwa Malindi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya,
na Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi.

KUH: CHUMBA CHA SAFARI ZA ANGA KWA WANAFUNZI, NGOMENI

Waheshimiwa,

Natumai hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Sayansi Jumuishi, Gredi ya 7 hadi ya 9, katika shule ya umma iliyo kaskazini mwa Malindi. Jina la shule sitaliandika. Mwalimu mkuu wangu hajaniruhusu, na kusema kweli sijamwomba. Nawaandikia nyote watatu kwa pamoja kwa sababu nikimwandikia mmoja najua atakachosema: hilo ni la mwenzangu.

Nianze na yaliyotokea stooni.

Shule yetu ina stoo ya madawati mabovu. Muhula uliopita tuliyatoa nje, tukafagia, tukaziba madirisha kwa leso ambazo watoto waliazima kwa mama zao, na stoo ikawa chombo kinachoelekea Mirihi. Wanafunzi wanne wakaingia humo na tochi, daftari na saa ya mezani. Hamsini na wanane wakabaki darasani, wakawa Kituo cha Udhibiti, wamegawanywa kwa kazi: hewa, maji, umeme, njia, afya. Nakiri mapema kwamba hamsini na wanane ni wengi mno kwa kituo kimoja, na kundi la afya muda wote lilikuwa likipiga soga. Wa sitini na tatu, msichana mmoja mpole, nilimkalisha kwenye veranda katikati ya vyumba viwili, saa mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa umbali.

Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru. Kutoka hapa hadi Mwezini ni sekunde moja na ushei, kama simu yenye mtandao mbovu. Hadi Mirihi ni dakika 3 hivi sayari mbili zikikaribiana kabisa, na zikiachana hufika 22. Sisi tulikubaliana dakika 4. Kila karatasi iliyotoka chumba kimoja kwenda kingine, msichana huyo aliishika dakika nne kamili ndipo akaipeleka. Wenzake walimbembeleza, kisha wakamtishia kwamba hatapata mahamri. Hakutikisika.

Karatasi ya kwanza kutoka chomboni ilikuwa na neno moja: "Hewa?" Dakika nne. Kituo kikajibu: "Hewa gani?" Dakika nne nyingine. Nane zimeyeyuka, na hakuna aliyejua chochote zaidi ya alichojua mwanzo. Nilisikia stooni mtu akimgombeza mwenzake kwa Kigiriama. Karatasi ya pili ilipofika, ninayo mpaka leo, iliandikwa hivi: "Tumebaki na kilo 9 za oksijeni. Sisi ni watu 4. Mtu 1 anatumia kilo 0.84 kwa siku. Itatufikisha siku ngapi?" Mwaka mzima nimewaomba watoto hawa waandike maelezo kamili kwenye ripoti za majaribio. Umbali wa Mirihi uliwafundisha kabla ya mapumziko.

Kundi la hewa likapiga hesabu ubaoni. Wakagawanya 9 kwa 0.84, wakapata siku kumi na kitu, wakafurahi, wakaandika: "Msiwe na wasiwasi, mna siku 10." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, kosa nimeliona, nikaumauma ulimi. Karatasi ikakaa veranda dakika zake nne, ikaingia stooni. Kimya. Halafu mvulana ambaye kwa kawaida huwezi kumtoa neno akapiga kelele bila kungoja posta wala nini: "Mwalimu! Hawa wametuua!"

Alikuwa amezidisha 0.84 mara watu wanne, akapata 3.36, akagawanya. Hewa ile haikufika hata siku tatu.

Kengele ya mapumziko ililia. Waliotoka ni kundi la afya peke yake. Kundi la hewa lilibaki ubaoni, wakitaka safari irudiwe tangu mwanzo, na kesho yake waligawa zamu miongoni mwao: mmoja anapiga hesabu, wa pili anairudia bila kutazama ya mwenzake, wa tatu hasaini karatasi mpaka majibu mawili yalingane. Sikuwafundisha hilo. Wala sikujua kwamba watu wanaorusha roketi hufanya kazi kwa namna ya kufanana nayo mpaka niliposoma baadaye.

Sasa niseme ombi langu. Naomba kijengwe chumba kimoja cha safari za kuigiza, chombo upande mmoja na kituo cha udhibiti upande wa pili, kijengwe Ngomeni au karibu yake, na kiwe cha wanafunzi wa shule za umma. Na naomba, kabla ya ombi hilo kufika kwa kamati ya ununuzi, lisigeuzwe kuwa ununuzi wa miwani.

Miwani ninayosema ni ile mikubwa ya uhalisia pepe, ya kufungwa usoni, inayokuonyesha picha kana kwamba uko mahali pengine. Kila kunapokuwa na mkutano wa teknolojia na elimu lazima mtu asimame nayo jukwaani. Mwaka mmoja nilipeleka watoto arobaini kwenye maonyesho fulani yaliyokuwa nayo. Tuliondoka alfajiri, wazazi walichanga nauli, tukapanga foleni juani. Kila mtoto alifungwa miwani dakika mbili, akafunguliwa, akapishwa mwingine. Kwenye basi nikamwuliza mmoja umeona nini. "Mwezi." Ukafanya nini huko? "Niliambiwa nisiguse kitu." Kwa dakika mbili mtoto yule alikuwa peke yake, hana wa kuuliza, hana wa kumkosea wala wa kumsahihisha. Sidharau kifaa. Kwa fundi anayejifunza kazi ya hatari ni kitu kizuri sana. Lakini kwa nauli ile ningenunua tochi za vyombo kumi.

Mnajua ninyi pia yanayofuata vifaa kama hivyo vikifika shuleni. Vinapokelewa kwa ngoma, vinapigwa picha, vinafungiwa kabatini visije vikaharibika, na funguo zinakuwa kwa mtu ambaye yuko kwenye semina.

Niwakumbushe kisa cha Apollo 11, kwa sababu kinahusu kukosea. Mwanzoni mwa Julai 1969, zimebaki wiki mbili hivi watu watue Mwezini, vijana wa kituo cha udhibiti cha NASA kule Houston walikuwa kwenye zoezi. Msimamizi wa mazoezi, Dick Koos, akawatupia alamu ya kompyuta ambayo hawakuitarajia. Steve Bales, aliyekuwa na jukumu la kompyuta ya chombo, akataka kutua kusitishwe. Zoezi lilipokwisha wakaambiwa wamekosea. Chombo kilikuwa kizima na wangeweza kuendelea. Mkuu wao, Gene Kranz, akaagiza alamu zote zichunguzwe, na kijana mmoja, Jack Garman, akaziandika kwa mkono, kila moja na la kufanya ikitokea. Tarehe 20 Julai, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka kwelikweli, kompyuta ikatoa alamu 1202. Garman alikuwa na karatasi yake. Bales akasema waendelee. Wakatua. Bales alikuwa na miaka 26, Garman 24.

Nilipowasomea watoto habari hii, kundi la hewa lilipiga makofi kuliko wote.

Chumba ninachokiomba si ndoto niliyoiota mimi. Tarehe 28 Januari 1986 chombo Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafa. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe wa Concord, New Hampshire, ambaye alikusudia kufundisha vipindi viwili akiwa angani. Familia za wale saba, akiwemo June Scobee Rodgers, mjane wa nahodha na yeye mwenyewe mwalimu, hazikutaka ukumbusho wa mawe. Mwaka uleule walianzisha shirika la elimu, na mwaka 1988 chumba cha kwanza kikafunguliwa ndani ya jumba la makumbusho la Houston. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza: nusu ya darasa wako chomboni, nusu wako kituoni, kila kiti kina kazi yake, na katikati ya safari pande mbili zinabadilishana. Hapo ndipo nilipoona nilikoharibu mimi. Watoto wangu hawakubadilishana, na kundi la afya halikuwa na mgonjwa. Usipompa mtoto mgonjwa, atapiga soga, na ana haki.

Vyumba vya aina hiyo sasa ni makumi, vingi Marekani. Wala havikuanza vyote na mashirika makubwa. Huko Pleasant Grove, jimbo la Utah, mwalimu wa shule ya msingi ya umma, Victor Williamson, alianza kwa safari za kuigiza na darasa lake mwenyewe, na mwaka 1990 shule ile ikafungua kituo kilichopewa jina la McAuliffe. Shule ya msingi ya umma, Waheshimiwa. Ninaitaja makusudi.

Na sisi je? Sisi tuna kitu ambacho Utah haina. Ukisimama ufuoni Ngomeni, ng'ambo ya mashamba ya chumvi, unayaona majukwaa yale ya kurushia roketi baharini, miguu ya chuma ndani ya maji ya Ghuba ya Ungwana. Huku watu huita tu San Marco. Mhandisi Mtaliano Luigi Broglio ndiye aliyeyasimamia, na kituo cha nchi kavu sasa kina jina lake. Kuanzia 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa kutoka hapo. Sababu haikuwa ufuo mzuri wa watalii: dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki hupata msukumo huo bure. Ngomeni iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Ikianguka, inaanguka majini.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa lile setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vya kitu kinachoitwa Cygnus X-1 vilisaidia sana wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi, ambayo hata nuru haiwezi kutoka humo, yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Nimefundisha miaka kumi na moja kando ya bahari hiyo, na wengi wa wanafunzi ninaowapokea Gredi ya 7 wanajua San Marco kama mahali pasipokaribiwa na mashua. Babu wa mmoja wao, mvuvi, aliwahi kuja darasani kutusimulia roketi alizoziona ujanani. Aliziita fataki za Wataliano. Watoto walicheka, lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza zilikuwa zinakwenda kufanya nini.

Mkurugenzi Mkuu, kuna swali la darasani linalokuhusu. Niliwaeleza watoto kwamba mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na kwamba Aprili 2023 setilaiti nyingine ya Kenya, Taifa-1, ilipelekwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Mkono ukanyanyuka: "Mbona tuliipeleka Marekani na San Marco iko hapa?" Niliwajibu kwamba hapajaruka roketi ya kupeleka setilaiti tangu 1988, na kwamba kurusha ni kazi ya watu wengi sana waliojua kila mmoja kazi yake. "Hao watu tunao?" Swali hilo sikulijibu, nawaletea ninyi.

Sitawaombea roketi. Naomba pa kuanzia watu hao. Makubaliano ambayo Kenya na Italia zilitia saini mwaka 2016 kuhusu kituo cha Malindi yanagusa pia elimu na mafunzo. Chumba kimoja cha wanafunzi kingeingia humo bila hata kuandika mkataba mpya.

Mheshimiwa Gavana, najua mtakaloniambia: katiba imewapa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi, Gredi ya 8 si yenu. Sawa kabisa. Basi nawaomba hivyo vyuo vya ufundi. Meza za kituo cha udhibiti ni useremala. Taa za hatari zinazowaka nyekundu na swichi za kuzizima ni kazi ya mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa pili. Mlango wa chombo unaofungwa kwa gurudumu ni uchomeleaji. Kijana wa chuo cha ufundi atakayeutengeneza mlango ule atakuja kuuonyesha kwa mama yake, na siku ukikwama atakuwa karibu kuurekebisha. Kitu kilichoagizwa ng'ambo kikikwama, tunaandika barua.

Mheshimiwa Waziri, kwako ninayo mambo mawili, na la pili ndilo zito. La kwanza ni muda. Mtoto wa Gredi ya 9 anatakiwa achague njia ya kufuata Gredi ya 10: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wengi wanachagua sayansi bila kuwahi kukaa kwenye kiti cha mtu anayeifanya, na wengine wanaikimbia kwa sababu hiyohiyo. Siku moja nzima ya safari, kwa kila mwanafunzi wa Gredi ya 8, iwe ndani ya ratiba. Isiwe zawadi ya watoto ambao wazazi wao wamelipa hela ya ziara.

La pili ni mwalimu. Chumba bila mtu anayejua kuendesha safari ni stoo yenye taa. Kazi yetu humo ni ngumu kuliko kuhutubia ubaoni: unatunga hitilafu, unaiachia kwa wakati wake, kisha unanyamaza wakati watoto wanakosea mbele ya macho yako. Mimi karibu niiharibu safari yetu mara tatu kwa kutaka kusaidia. Tufundisheni hilo. Na tuandikieni safari zenyewe kwa watu wanaozijua hesabu zake, zinazokwenda na mtaala, sio michoro ya roketi ya kupaka rangi.

Kuhusu lugha, niruhusiwe neno. Sayansi tunaifundisha kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, hilo silibishi hapa. Lakini humo chumbani acheni watoto waseme watakavyo. Mtoto anayeishiwa hewa hatafuti msamiati wa Kiingereza. Yule mvulana wangu hakusema kwa Kiingereza kwamba hesabu ina dosari. Alisema wametuua, na kila mtu akaelewa.

Najua pia kuna atakayesema shule hazina vyoo, na huyu anataka vyombo vya angani. Ana haki. Shule yetu ina matundu machache ya choo kuliko inavyostahili, na siku nikiulizwa nichague kati ya choo na chumba hiki nitasema choo, tena kabla swali halijakwisha. Ila sijawahi kuulizwa hivyo. Ninachokiona ni pesa za maonyesho, za uzinduzi, za fulana zenye nembo, na za vifaa vilivyofungiwa. Hizo ndizo ninazozitolea macho. Tena kwa miezi ya kwanza hamhitaji hata jengo: nipeni walimu ishirini wa kaunti hii kwa wiki moja ya likizo, na mtu mmoja kutoka Shirika la Anga za Juu anayejua setilaiti inavyoongozwa, tutarudi kila mmoja na stoo yake. Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamezunguka nchi hii miaka mingi na darubini, watoto wakipanga foleni usiku kutazama. Watu wa kuanza nao wapo.

Mwisho, mwaliko. Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga muhula tunasafiri tena, saa mbili asubuhi. Safari hii makundi yatabadilishana katikati, na kundi la afya limeshapata mgonjwa: mmoja wa walio chomboni ataumwa jino, nao hawajui. Mkija, au mkimtuma mtu, asije na hotuba, maana hatuna kiti cha mgeni wa heshima. Nafasi iliyobaki wazi ni ya umbali, pale veranda. Yule msichana amekataa kuirudia. Anasema sasa ni zamu yake kukaa kwenye hewa.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Sayansi Jumuishi,
Kaunti ya Kilifi